Mlio chini ya gari: safari yetu ya Natron na siku mbili za Engaruka

Binti yetu ndiye aliyeusema kwanza. Alikuwa na miaka 11, amekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, na tulikuwa hatujafika hata Makuyuni. "Baba, kuna kitu kinagonga huku chini," alisema. Nikamjibu haraka: "Ni jeki hiyo, mwanangu. Haijakaa vizuri."

Jeki nilikuwa nimeifunga mwenyewe kwa mpira alfajiri ile, tena mara mbili. Mlio huo nilikuwa nausikia kwa wiki mbili nzima nikienda na kurudi kazini. Lakini ilikuwa Juni 2018, shule zimefungwa, watoto wamefaulu mitihani, na niliwaahidi tangu Pasaka kwamba likizo hii tunakwenda Ziwa Natron kuona heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita. Fedha za siku tatu zilikuwa tayari. Hazikuwapo nyingine za gereji.

Pikapu yenyewe, dabo kabini ya dizeli, niliinunua kwa mtu miezi minne kabla. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mpenzi wa porini. Aliinua mbele na nyuma kwa inchi mbili, akavisha matairi makubwa yenye meno. Watoto waliipenda siku ya kwanza kwa sababu ilibidi wapande kama wanaopanda punda. Mimi pia niliipenda, na sikuuliza kuinuliwa huko kunakigharimu nini chuma kilichoko chini.

Mlio ulipoanza nilipita kwenye gereji moja mjini. Fundi akatikisa tairi kwa mkono, gari likiwa limesimama chini kwa miguu yake yote minne, akasema: "Bosi, hizo ni bushi tu. Unatembea nazo mpaka Desemba." Nikampa hela ya soda na kuondoka nimefurahi. Mtu akikupa jibu ulilokuwa unalitaka, huulizi la pili.

Pale lami inapoishia

Wasiokwenda njia hii niwaeleze kidogo. Kutoka Arusha unaishika barabara ya Dodoma hadi Makuyuni, unakunja kulia kama unakwenda Ngorongoro, na baada ya muda unaiona Mto wa Mbu chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ni mji wa maji na ndizi. Kando ya barabara wanauza ndizi nyekundu, zile nene ambazo mtoto akila moja anashiba. Tulinunua kichane, tukajaza mafuta na madumu mawili ya maji, kwa maana mbele huko duka la uhakika ni la kubahatisha na simu hukamata mtandao pale inapotaka.

Wakati ule, ukishaiacha barabara kuu pale Kigongoni na kuelekea kaskazini, lami ilikuwa inakuaga. Ukuta wa Bonde la Ufa unabaki kushoto kwako mwendo wote, umesimama kama ubavu wa nyumba. Kulia ni mbuga: migunga, vumbi, ng'ombe, na kijana wa Kimasai aliyesimama kwa mguu mmoja kama anamngoja mtu. Mbele, siku ikiwa safi, unaona vilele vya milima ya volkano vikipangana hadi Natron.

Barabara ilikuwa kama bati la kuezekea. Vituta vidogo vidogo, vimepangana kwa mamia, kila kimoja kinaupiga usukani. Hapo ndipo mlio wetu ulipobadilika. Kwenye lami ulikuwa "ko" moja hapa, nyingine baada ya kilomita. Kwenye bati ukawa "ko-ko-ko-ko" usiokoma, na katikati yake, tukiingia shimo, kishindo kizito: "du!"

Nikaongeza sauti ya redio. Mama watoto akanyoosha mkono, akaizima.

"Baba," alisema, "acha tuusikie."

Kilomita kadhaa hakuna aliyezungumza. Kisha binti akasema kutoka nyuma: "Unagonga upande wetu tu, upande wa mama. Ukipitisha tairi la upande wako kwenye shimo, ule mzito hausemi." Mdogo wake, miaka saba, alikuwa anahesabu kwa vidole na kutangaza kila "du" kwa sauti. Alifika 14 kabla hatujaingia Selela.

Tulisimama Selela chini ya mgunga. Kwa aibu nikafanya nilichopaswa kufanya nyumbani: kuhakikisha kwamba kinachogonga ni gari na si mzigo. Tulishusha kila kitu. Mtungi mdogo wa gesi, sufuria, sanduku la spana, jeki, koleo. Nikapiga teke tairi la akiba lililofungwa chini ya bodi ya nyuma, halikucheza. Nikatikisa bomba la moshi, nikabonyeza boneti, nikashika betri. Nikaendesha peke yangu mita mia mbili, gari tupu, madirisha wazi. "Ko-ko-ko. Du."

Kwa hiyo jeki ikasafishwa jina.

Fundi aliyeanza kwa maswali

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaruka ni kilomita zipatazo 60. Tuliziendesha zilizobaki kwa mwendo wa baiskeli, na tukafika jua likiwa kichwani. Tukaulizia fundi. Tukaelekezwa kwa kijana mmoja anayetengeneza pikipiki chini ya mti, ambaye pia huokoa magari ya watalii yanayokufa njiani. Vifaa vyake vilikuwa kwenye gunia: spana, nyundo, kipande cha bomba, mtarimbo, na jeki mbili za chupa.

Alisalimia watu wazima, akasubiri watoto wamwamkie, kisha hakugusa gari. Aliuliza. Unagonga lini? Ukianza kuondoka? Ukifunga breki? Ukikata kona? Kwenye shimo moja au kwenye bati? Ni mlio mmoja au miwili?

Nilifungua mdomo nijibu, binti akanitangulia. "Ni miwili. Mmoja mdogo mdogo wa haraka, na mwingine mzito. Ule mzito upande wa kushoto mbele."

Fundi akamtazama, akatabasamu. "Huyu ndiye dereva," akasema.

Maswali yale yana maana, na nimeyatumia mara nyingi tangu siku hiyo. Gari likigonga mara moja tu unapoondoka au unaporudi nyuma, angalia kwanza maunti za injini, viungo vya propela shafti na bushi za springi za nyuma. Likigonga unapofunga breki, angalia bushi za mikono ya mbele. Likilia unapokata kona ukiwa mwendo mdogo, tafuta kwenye viungo vya usukani na bolijointi. Ukiusikia mfululizo kwenye bati, mara nyingi ni vitu vidogo: linki ya stebilaiza au mipira ya shokapu. Kishindo kizito shimoni kinaweza kuwa shokapu iliyokufa inayoliacha gari lishuke mpaka chuma kikutane na kizuizi chake. Kinaweza pia kuwa kitu kibaya zaidi.

Alianza na kilicho rahisi. Akabonyeza kila kona ya gari kwa uzito wake wote na kuachia. Kona ikipanda na kutulia, shokapu inafanya kazi. Ikiendelea kupanda na kushuka kama kitanda cha springi, imechoka. Zetu zilitulia. Kisha akaingiza mkono akagusa shokapu moja moja, kwa uangalifu maana zinachoma. Kwenye barabara ya bati shokapu inapata moto kwa kazi, hivyo ukikuta moja ya baridi wakati mwenzake wa upande wa pili ni wa moto, hiyo ya baridi haifanyi kazi. Zote zilikuwa za moto, na hakuna iliyovuja mafuta.

Akaenda nyuma, kwenye zile springi za vyuma bapa vilivyolaliana. Akagonga yubolti kwa spana akisikiliza. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inajibu kama mbao. Nati moja ilikubali kuzunguka nusu. Akaikaza, akasema hiyo ingetusumbua baadaye lakini siyo tunayoitafuta.

Mbele kushoto akashika linki ya stebilaiza na kuitikisa kwa vidole viwili. "Ko-ko-ko." Mwanangu mdogo akapiga kelele kama aliyemwona sungura. Mipira ya linki ilikuwa imelika. Fundi hakuishia hapo, na nadhani hapo ndipo alipotofautiana na yule wa mjini. Aliitoa kabisa, akaniambia nizungushe gari hadi kwenye mawe na kurudi. Mlio mdogo ulitoweka. "Du" ikabaki.

"Mdogo unakera," akasema. "Mkubwa ndio wa kuogopwa. Sasa watoto wakae kule."

Jino linalotaka kutoka

Aliweka mawe kwenye matairi matatu. Jeki akaiweka chini ya mkono wa chini wa gurudumu la mbele kushoto, karibu na tairi, si chini ya chasisi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwenye gari la namna hii springi inakaa juu ya mkono wa chini. Ukiinua kwa chasisi, springi inausukuma mkono na kukaza kiungo, na ubovu unajificha. Ukiinua kwa mkono wenyewe, kiungo kinapumzika na kusema ukweli. Tairi likaachana na ardhi kiasi cha vidole vinne. Tairi la akiba akalisukuma chini ya chasisi, jeki ikiteleza gari lisimwangukie.

Akashika tairi juu na chini, akavuta na kusukuma. Lilicheza. Akashika kushoto na kulia. Hapo lilikuwa kimya. Kucheza kushoto na kulia, akasema, ni habari za tairodi na usukani. Juu na chini ni ama beringi ya gurudumu ama bolijointi. Akaniambia niingie nikanyage breki, kwani breki hushikanisha gurudumu na kile kilichoibeba beringi. Kucheza kukikoma, mgonjwa ni beringi. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Likacheza vilevile.

Mwishowe akaupitisha mtarimbo chini ya tairi na kuunyanyua kidogo, akituita mimi na mama watoto tuchungulie. Chini kabisa, pale mkono unapokutana na gurudumu, kiungo kilipanda na kushuka ndani ya nyumba yake. "Du." Alishusha, akanyanyua. "Du." Mpira wake wa kufunika ulikuwa umechanika, na grisi yote imegeuka tope jekundu.

Mke wangu alisema alichokuwa anakifikiria kila mzazi pale: "Linacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka."

Bolijointi ni kama nyonga yako. Ni tufe la chuma ndani ya kikombe, linaloruhusu gurudumu lipande, lishuke na kukata kona kwa wakati mmoja. Tufe likilika, linaanza kugonga kikombe. Likilika zaidi, linachomoka. Siku linapochomoka gurudumu linalala ubavu, kona ile ya gari inaanguka chini, na usukani ulioushika hauna tena cha kuongoza. Gari lililoinuliwa kama letu linafika huko mapema, kwa sababu mikono ya mbele imeinama kuliko ilivyotengenezwa, na kiungo kinafanya kazi kimepinda siku zote. Ongeza matairi mazito na barabara ya bati.

Niliuliza swali ambalo nimelionea aibu hadi leo. "Hatuwezi kufika Natron polepole?"

Fundi hakunijibu. Alimtazama mke wangu, na mke wangu akamuuliza jingine: "Fundi, gari hili ungempakia mwanao?"

"Mama," alisema, "kungekuwa na mgonjwa wa kufa, ningeliendesha mwenyewe, peke yangu, taratibu. Watoto, hapana."

"Basi tunalala hapa," akasema mama watoto, na akaanza kushusha mablanketi.

Mawe ya Engaruka

Jioni ile, mbele ya moto, binti aliniuliza bila ukali: "Kwa hiyo ulikuwa unajua siyo jeki?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kibaba. Nilimwambia ukweli: kwamba nilijua kuna tatizo, kwamba niliogopa fedha za safari zingeishia gereji, na kwamba niliwapakia wao na mama yao kwenye gari ambalo sikuwa na uhakika nalo. Nikamwomba radhi. Alikaa kimya, kisha akauliza kama heroe watakuwapo tukichelewa. Sikujua la kumwahidi, na safari hii sikuahidi.

Fundi alikuwa amepiga simu Arusha kutoka kwenye kilima chenye mtandao. Bolijointi na linki zingepakiwa kwenye basi, zingefika kesho mchana. Hivyo tulikuwa na asubuhi nzima ya kukaa mahali ambapo kwenye ratiba yangu palikuwa pa kupita tu.

Asubuhi mzee mmoja mwongozaji akatupeleka kwenye magofu. Nilitarajia kuta mbili tatu. Tulitembea zaidi ya saa mbili na mawe hayakwisha. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 hivi, jamii kubwa ya wakulima iliishi hapa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Walikinga vijito vinavyoshuka mlimani, wakavigawa kwa mifereji ya mawe, wakagawa ardhi katika vishamba vidogo vilivyopangwa na kusawazishwa kwa mawe. Mashamba hayo yanafikia kama kilomita za mraba 20. Juu kidogo, mtelemkoni, kuna majukwaa ya mawe walipojenga nyumba zao. Watafiti wamekuta hapo punje za mtama zilizoungua. Kisha watu wale wakaondoka.

Mke wangu amezaliwa Kilimanjaro. Alisimama juu ya mfereji mmoja mkavu, akaufuata kwa macho hadi ulipokata kona, akasema: "Huu ni mfongo. Babu angeuelewa huu bila kuelezwa." Akawaeleza watoto jinsi kwao maji yalivyogawanywa kwa zamu, na ugomvi uliokuja mtu alipoyafungulia usiku. Nimeishi naye miaka 13 na sikuwahi kuisikia habari ile. Mwanangu mdogo alitembea juu ya ukuta wa mawe mikono imetanuliwa, akauliza waliupanga bila saruji vipi. Mzee akampa mawe matano na kumwambia ajaribu. Alishughulika nayo nusu saa.

Engaruka bado inalima kwa maji ya vijito hivyohivyo. Tulikula mchana chini ya migomba inayonyweshwa kwa mfereji, mahindi na maharage pembeni. Ningepita hapa kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ningeona vumbi tu.

Kukaza kwa mwisho

Basi lilifika saa nane. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, ila kuna mambo matatu ambayo kila mwenye gari anafaa ayaone kwa macho yake.

La kwanza, fundi aligundua kiungo cha upande wa kulia kimeanza kulegea pia, japo kidogo. Akashauri vibadilishwe vyote viwili, na kwa bahati duka lilikuwa limetuma jozi. Vitu vya mbele huzeeka pamoja.

La pili, nati ya bolijointi ina pini inayoizuia isifunguke. Pini ya zamani alitaka kuitupa, mimi nikataka airudishe kuokoa muda. Akakataa. Pini iliyokwisha kukunjwa ikanyooshwa huvunjika. Aliweka mpya.

La tatu wengi hulikosea. Ukifungua bushi za mikono au springi, ukaze mara ya mwisho gari likiwa limeshuka chini na kubeba uzito wake. Bushi ni mpira. Ukiikaza gurudumu likining'inia, mpira unashikwa umenyongwa, na gari likishuka unabaki umejikunja siku zote. Utachanika mapema, na mlio utarudi kabla hujasahau bei uliyolipa.

Tulilijaribu gari kuelekea Selela na kurudi, sote kimya kama tuko kanisani. Kwenye bati kulisikika matairi na upepo. Kwenye mashimo mwanangu alikaa na vidole tayari, hakupata cha kuhesabu. Aliporudi, fundi akapitia tena kila nati aliyoigusa. Akapunguza upepo wa matairi kidogo. Akaniagiza njiani nisimame kila baada ya muda kwenye bati kupumzisha shokapu, maana mafuta yake yakichemka hufanya povu na gari huanza kurukaruka.

Siku moja badala ya tatu

Alfajiri ya siku ya tatu tuliondoka kwenda Ngare Sero. Njia inapita chini ya Kerimasi, kisha Shimo la Mungu, lile shimo kubwa la duara lililochimbwa na volkano kando ya barabara. Halafu Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, unasimama peke yake kwa umbo ambalo mtoto huchora akiambiwa achore mlima. Mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu na kumwaga majivu mengi ilikuwa 2007 hadi 2008. Lava yake ni ya aina ya pekee duniani kati ya volkano zilizo hai: hutoka nyeusi na nyepesi kama tope, kisha ikikaa hewani hugeuka nyeupe.

Heroe tuliwaona kwa mbali, mstari wa waridi mahali ambapo ziwa na anga havitofautiani. Natron ndiyo sehemu kuu wanapotagia heroe wadogo wa Afrika Mashariki, kwa sababu maji yake ya magadi yanawazuia maadui. Binti aliutazama ule mstari muda mrefu. Nilimwona anahesabu siku tulizopoteza, lakini hakusema.

Kilichomfungua ni nyayo. Karibu na ziwa, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda kuwa mwamba, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400. Utafiti uliochapishwa 2016 ulizipa umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Hukanyagi, unasimama pembeni. Vidole vinaonekana, kisigino kinaonekana. Binti akavua kiatu akaweka mguu wake ardhini, nje, kulinganisha. "Huyu alikuwa na haraka," akasema akionyesha mmoja.

Mwaka 2020 nikakutana na habari za utafiti mwingine kuhusu nyayo zilezile, nikamsomea. Kundi moja la watu 17 walitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na watafiti wanaona 14 kati yao walikuwa wanawake wazima, huenda wakitafuta chakula. Akaniambia alijua.

Jioni ileile tulirudi kulala Engaruka, na kesho yake nyumbani. Kupima alaimenti nilikwenda siku ya pili yake bila kukumbushwa, kwani ukibadilisha bolijointi matairi ya mbele hayaelekei tena sawasawa na yataliwa upande.

Kabla hujawapakia

Mzazi mwenzangu, likizo zinakuja na wengi wetu tutabeba watoto kwenda kijijini kwa barabara zisizo na lami. Wiki mbili kabla, siyo jioni ya kuamkia safari, toa mzigo wote garini na uendeshe kwenye njia mbovu madirisha yakiwa wazi. Ukisikia mlio, andika: upande gani, shimoni au kwenye bati, ukikata kona au ukifunga breki. Mpelekee fundi maelezo hayo badala ya kumwambia "gari linagonga."

Fundi akitikisa tairi lililo chini na kukupa jibu, mwombe aliinue gari na atumie mtarimbo, nawe uwepo uchungulie. Kama gari limeinuliwa kuliko lilivyotoka kiwandani, viungo vya mbele vikaguliwe mapema na mara nyingi zaidi. Na kama fedha hazitoshi gereji na safari, safari isubiri. Nimewahi kupanga kinyume chake, na nilikuwa na bahati ya kukutana na kijana mwenye mtarimbo kabla ya kukutana na korongo.

Binti sasa ananipita kwa kimo na anajifunza kuendesha. Akiingia garini kwangu, redio huizima kwa dakika tano za mwanzo. Sijamwuliza kwa nini.